Ukienda Gujarat kutibiwa au kusoma, usirudi bila kuona hii miji

Watu wetu wengi wanaenda India siku hizi, wengine kutibiwa, wengine kusoma, wengine kufunga mzigo wa vitambaa, na wakifika jimbo la Gujarat kule magharibi wanachokiona ni hospitali, hosteli na maduka ya Surat, basi, wanarudi zao. Sisi wa malikale na makumbusho huku pwani jambo hili linatuuma kwa kweli, maana kama kuna kona ya India ambayo historia yake imeshonana na yetu ni hiyo hiyo. Majahazi ya Kutch na Khambhat, sehemu mbili za pwani ya Gujarat, yalikuwa yanakuja na kaskazi yamejaa vitambaa na shanga, yanarudi na kusi yamebeba pembe za ndovu, dhahabu, boriti, na vile vile watu, na hilo la watu tusilifiche.

Sasa tuanze na Ahmedabad maana ndio wengi mnashukia hapo. Mji umeanzishwa 1411 na Sultani Ahmad Shah kando ya mto Sabarmati, na 2017 UNESCO wakauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, mji wa kwanza wa India kupata hiyo heshima. Sio zile barabara pana za ng'ambo ya mto zenye maduka ya vioo, nazungumzia mji wa zamani, ule wa vichochoro. Watu wanaishi kwenye mitaa midogo inayoitwa pol, kila pol ina geti lake, nyumba za mbao zimechongwa nguzo mpaka dari, alafu katikati unakuta nguzo yenye kibanda juu, hiyo ni ya kulishia ndege, wanaiita chabutro. Nyumba nyingi za zamani zina tangi chini ya ua la kuvunia maji ya mvua. Ingia asubuhi kabla pikipiki hazijajaa, na kama una mtu wa Unguja mwambie aangalie milango, ile ya vipande vidogo vya mraba inayokunjwa tunayoiona Mji Mkongwe mafundi wake walitokea pande hizi.

Hapo hapo Ahmedabad kuna msikiti mdogo unaitwa Sidi Saiyyed, ulikamilika kama 1573, na mimi kama ningeruhusiwa kuchagua sehemu moja tu Gujarat nzima ningechagua huu. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mtu mweusi kutoka upande wetu wa bahari, aliyetumikia jeshi la masultani. Nenda ukuta wa nyuma, tazama juu, kuna madirisha ya nusu duara ya jiwe. Mawili kati ya hayo yamechongwa mti, shina linapanda, matawi yanajipinda yanasokotana na kuachana tena, katikati umesimama mtende, na kila nafasi kati ya tawi na tawi imetobolewa upande wa pili unaonekana. Ni jiwe, lakini limekuwa jembamba hadi ukiwa ndani wakati wa alasiri mwanga unapita na ule mti wote unajichora. Upinde wa katikati umezibwa kwa mawe matupu, na ukitaka kuelewa ukubwa wa kazi waliyofanya linganisha huo uliozibwa na hiyo ya jirani yake. Vaa nguo za heshima, vua viatu, na usipige picha watu wakiswali.

Wahabeshi na Waafrika wengine kule wanaitwa Wasidi na wapo mpaka leo. Wengine walikwenda kama mabaharia na askari, na wengi walipelekwa utumwani. Kijiji cha Jambur karibu na msitu wa Gir ni chao, na kule Ratanpur wilaya ya Bharuch kuna kaburi la mtakatifu wao Bava Gor ambalo Wahindu na Waislamu wote wanalizuru. Ngoma yao, dhamal au goma, ina mdundo ambao mtu wa Tanga hatauona mgeni, na kuna wachezaji wanarusha nazi juu wanaipasua kwa kichwa. Naomba sana tuwatembelee kama ndugu, sio kwenda kuwapiga picha kama maonyesho halafu unaondoka bila hata salamu.

Na hilo jina la Ratanpur lina uzito kwetu kwa sababu nyingine. Ndiko yanakochimbwa mawe ya akiki, yanachomwa taratibu mpaka yanaiva rangi nyekundu, yanapelekwa Khambhat kukatwa, kusuguliwa na kutobolewa kwa keekee yenye ncha ya almasi. Mapokeo yao yanasema Bava Gor mwenyewe alikuja kutoka Uhabeshi na ndiye aliyekuza hiyo biashara. Shanga nyekundu za akiki ambazo wachimbaji wa malikale wanazitoa Kilwa na magofu mengine ya pwani yetu zimetokana na biashara hiyo ya Khambhat. Bandari ya Khambhat yenyewe imejaa matope zamani, bahari imerudi nyuma, mji umepoa, lakini mafundi wa shanga bado wapo na ukienda unaweza kukaa ukaangalia.

Kaskazini ya Ahmedabad, kama kilomita 125, kuna Patan. Hapo kuna Rani ki Vav, kisima cha ngazi kilichojengwa karne ya 11 na malkia Udayamati kwa kumkumbuka mumewe mfalme Bhima wa Kwanza. Kisima hiki ni jengo la ghorofa saba lililochimbwa kwenda chini badala ya kupanda, unashuka ngazi na kila upande masanamu yamepangwa, makubwa yanazidi 500, na kadiri unavyoshuka joto la juu linakuacha. Mafuriko ya mto Saraswati yalikifukia kwa mchanga karne nyingi na huo mchanga ndio uliokitunza, sura za masanamu zimebaki kali kabisa. UNESCO 2014, na picha yake ipo kwenye noti ya rupia 100. Kama hauna muda wa Patan basi kaone kisima cha Adalaj, ni nje kidogo tu ya Ahmedabad, kidogo zaidi lakini kizuri mno.

Sanamu ya Sardar Patel, mmoja wa viongozi wa uhuru wa India, yenye mita 182 kule Kevadia mtaambiwa na kila dereva, iendeeni kama mna siku ya ziada. Champaner iko karibu na Vadodara kwa hiyo nyie wanafunzi wa Vadodara hamna kisingizio, mji mzima wa karne ya 15 na misikiti yake chini ya mlima Pavagadh, na juu ya mlima hekalu la Kalika.

Kutch inataka siku zake. Bhuj, mji wake mkuu, ilipigwa na tetemeko la ardhi tarehe 26 Januari 2001, maelfu ya watu walikufa wilayani, na makumbusho ya Smritivan yaliyofunguliwa 2022 yanaeleza msiba huo kwa adabu. Kutoka huko kuna barabara inakatiza chumvi nyeupe pande zote mbili mpaka Dholavira, mji wa karibu miaka 5,000 wenye mabwawa ya maji yaliyochongwa kwenye mwamba. Jangwa la chumvi la Dhordo linahitaji kibali kwa kuwa ni karibu na mpaka wa Pakistani, kwa hiyo tembea na pasipoti.

Nenda kati ya Novemba na Februari, mwezi wa tano jua linapita nyuzi 40, na mgonjwa anayepata nafuu asithubutu. Msitu wa Gir wenye simba wa Asia unafungwa kuanzia 16 Juni mpaka 15 Oktoba. Pombe imepigwa marufuku jimboni ila mgeni anaweza kuomba kibali, na tiketi ya mgeni kwenye malikale ni ghali kuliko ya mwenyeji, sio kwamba umeibiwa. Chakula kingi hakina nyama, ila kachori na bajia hazitakushangaza.

Kama uko Bhuj tayari, panda basi kama kilomita 60 uende Mandvi. Huko ndiko ilikotokea sehemu kubwa ya wafanyabiashara wa Kikachi, yaani wa Kutch, waliokaa Unguja, ni Kutch hiyo hiyo alikozaliwa mfanyabiashara Taria Topan aliyeanzisha ujenzi wa ile zahanati ya zamani ya mbele ya bandari ya Unguja 1887. Kwenye ukingo wa mto Rukmavati bado wanaunda vyombo vikubwa vya mbao, mbavu zimesimama wazi juu kuliko nyumba, vijana wamekaa kwenye majukwaa wanapiga kalafati, wanashindilia pamba kati ya mbao na mbao. Omba ruhusa kwa fundi mkuu kabla ya kusogea, na ukimwambia unatoka Lamu au Unguja ana maswali mengi kuliko wewe.