Klachi za kwanza zilipakwa mafuta makusudi

Fundi yeyote atakwambia mafuta yakigusa klachi, kifaa kinachounganisha na kutenganisha injini na gia, imekwisha. Kwa klachi kavu za leo ni kweli, lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Magari mengi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na klachi ya umbo la pia (koni), iliyovikwa ngozi. Ngozi ikikauka hukakamaa, gari likaondoka kwa kuruka. Ndiyo maana ilipakwa mafuta ya kwato za ng'ombe au ya mbarika ibaki laini.

Adui hasa wa ngozi hiyo alikuwa joto: klachi ikiteleza sana, ngozi iliungua. Herbert Frood wa Uingereza, aliyeanza na pamba kwenye breki za magari ya farasi mwaka 1897, aligeukia asbesto, madini yanayostahimili joto, mwaka 1908. Ford Model T ya mwaka huohuo ilitumia sahani za chuma zisizovikwa kitu, zikizunguka ndani ya oili ya injini.