Makala ya kisayansi si shajara ya maabara

Dhana: Makala husimulia utafiti jinsi ulivyofanyika.

La hasha. Utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala: mpangilio huo umewekwa kumrahisishia msomaji. Maabarani mambo huenda kombo. Swali la awali hufa, kipimo hurudiwa mara ya tano, na jibu huchomoza pale ambapo hakuna aliyelitafuta. Yote hayo hayaandikwi. Hata ikisiri, yaani muhtasari unaousoma mwanzo, kwa kawaida huandikwa mwisho. Mwaka 1963 Peter Medawar, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliuliza hadharani kama makala ya kisayansi ni ulaghai. Hakumaanisha kwamba data hupikwa. Alilalamika kuwa umbo la makala huficha namna wazo lilivyozaliwa. Nakubaliana naye, ila sitaki kusoma kurasa 80 za kupapasa gizani.

Dhana: Ikishapita kwa wahakiki, ni kweli.

Wahakiki, yaani wanasayansi wenzao wanaoikagua makala kabla haijachapishwa, husoma walichopewa. Huuliza kama mbinu inafaa na kama hitimisho limebebwa na data; ni nadra wao kurudia jaribio. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Jarida liliibatilisha mwaka 2010, miaka 12 baadaye, hofu ikiwa imeshaenea. Kwa upande mwingine, makala ya wanasayansi Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA, yenye urefu wa ukurasa mmoja na ushei, haikupelekwa kwa wahakiki kabisa, na bado ilikuwa sahihi.

Dhana: “Huenda” na “yanaashiria” ni maneno ya mtu asiyejua.

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Maneno hayo ni vipimo. “Dawa hii inapunguza homa” na “katika wagonjwa hawa, homa ilipungua zaidi kwa waliopewa dawa” ni madai mawili tofauti. La pili linakuambia ni nani waliopimwa na linakuachia nafasi ya kuuliza kuhusu wengine. Habari ikifika gazetini, “katika wagonjwa hawa” hukatwa kwanza, kisha “yanaashiria” hugeuka “wanasayansi wathibitisha”. Mtafiti akibanwa baadaye, huonekana kigeugeu, ilhali sentensi yake ya kwanza ilikuwa na breki tangu mwanzo.