Mashine ya mkate: tunayoambiana jikoni na ukweli wake

Ramadhani ikikaribia huwa naulizwa na watu wengi swali moja: ninunue mashine ya mkate au nisinunue? Anayeuliza huwa ameshajazwa maneno mengi, mengine na muuzaji, mengine na jirani ambaye yake imekaa juu ya kabati tangu mkate wa tatu. Mimi yangu inafanya kazi hapa Tanga karibu kila siku, na nina hakika nyingi ya zile za juu ya kabati hazina kosa lolote. Kosa ni yale tuliyoambiwa.

“Ukishatia vitu, mashine inajua yenyewe”

Dhana hii imeharibu mikate kuliko nyingine zote. Mashine haijui lolote kuhusu unga wako. Ina mota inayozungusha kibawa kilicho chini ya sufuria, ina koili ya joto, na ina saa inayohesabu: kanda, pumzisha, kanda tena, acha uumuke, choma. Ukitia uji itaukanda uji kwa uaminifu wote, na baada ya saa tatu hivi itakukabidhi uji uliochomwa.

Hata walioitengeneza walijifunza hivyo kwa taabu. Miaka ya 1980 huko Japani, kampuni ya Matsushita, ambayo leo inaitwa Panasonic, ilikuwa ikijaribu mashine za mwanzo na mikate ikitoka ganda limeungua na ndani mbichi. Mwaka 1985 mmoja wa watengenezaji, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli ya Osaka International. Akaona kwamba yule bwana hakandi tu, bali analivuta donge na kulisokota. Ndipo wahandisi wakaongeza matuta ndani ya sufuria, ili donge likwame kidogo na kunyooshwa kila kibawa kinapozunguka. Mkono wa mwokaji umo mle ndani. Jicho lake halimo, na hilo ni lazima ulete wewe.

Kwa hiyo mashine ikikanda kwa dakika tano hadi kumi, fungua mfuniko uangalie. Najua umeambiwa usifungue kabisa. Ukweli ni kwamba wakati wa kukanda haidhuru kitu. Mfuniko unaachwa umefungwa mkate unapoumuka na unapochomwa, maana hapo joto likitoka mkate unaweza kudidimia. Unachotaka kuona ni donge moja laini, linalozunguka bila kuacha unga pembeni, ukiligusa linanata kidogo kisha linaachia kidole. Likiwa limetapakaa chini kama unga wa kaimati, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, subiri dakika moja, tazama tena. Likiwa gumu na mashine inagonga, ongeza maji kijiko kimoja. Ukiyajua haya tu, umeshavuka nusu ya safari.

“Vipimo vya kitabu havibadilishwi”

Kitabu kinachokuja na mashine mara nyingi kimeandikwa kwa jiko la nchi yenye baridi na kwa unga mkali wa mikate, wenye protini ya asilimia 12 au 13. Unga mweupe wa kawaida tunaochotea chapati na maandazi huwa chini ya hapo, kwa hiyo haunywi maji mengi vile. Na huku pwani unga wenyewe umeshavuta unyevu wa hewa. Mimi huanza na gramu 500 za unga, maji mililita 300, hamira kavu kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja na robo, sukari vijiko viwili vya chakula na mafuta viwili. Kitabu changu kilitaka maji zaidi na hamira kijiko kimoja na nusu. Mkate ulipanda ukagusa mfuniko, kisha katikati ukabonyea kama kiti cha zamani.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 ukiuchota taratibu, na gramu 150 na zaidi ukiushindilia. Kwa vikombe vitatu au vinne, tofauti hiyo inatosha kuharibu mkate mzima.

“Hamira haiamki bila maji ya moto”

Hamira ya chembechembe ndogo inayouzwa madukani siku hizi haihitaji kuloweshwa wala kuamshwa. Maji yakifika nyuzi 60 hivi yanaiua kabisa. Na kumbuka kibawa kikizunguka dakika ishirini, msuguano peke yake unalipasha donge joto. Mwezi wa pili hapa kwetu chumba kina nyuzi 31, na maji ya bomba ni vuguvugu tayari. Ukiongeza mengine ya moto, donge linaumuka mbio kuliko saa ya mashine, na likifika wakati wa kuchomwa limeshachoka. Mimi natumia maji ya mtungini, au ya friji siku za joto kali. Aliye Njombe mwezi wa saba ana haki ya maji ya vuguvugu. Lakini yeye, pamoja na walio Nairobi au Eldoret, wana jambo lao: kwenye miinuko hewa ni nyepesi na hewa ya hamira inatanuka haraka, kwa hiyo nao wapunguze hamira kidogo.

Kuhusu chumvi kuua hamira kwa kugusana tu: hapana. Chumvi huipunguza kasi, na hiyo kasi tunahitaji ipunguzwe. Tenganisha hamira na *maji* pale unapotega mashine usiku ioke alfajiri: maji chini, unga juu yake, hamira kwenye kishimo kikavu juu kabisa. Na ukitega hivyo usitie maziwa ya maji wala mayai. Yatakaa kwenye joto usiku kucha. Tumia maziwa ya unga.

“Unga ni unga”

Si kweli. Ule ulioandikwa kwamba unajiumua wenyewe una baking pauda ndani, usiutie. Unga wa muhogo, mtama au mahindi hauna ile protini ya kunata inayoshika hewa, kwa hiyo usizidishe sehemu moja kwa tano, nne zibaki ngano. Atta unaweza kuuweka nusu kwa nusu, ukaongeza maji vijiko viwili. Mkate utakuwa mfupi na mzito zaidi, na ndivyo ulivyo.

Hapa wifi yangu, mwenye sukari, alinijia kwa furaha: “Dada, sasa ninakula mkate bila wasiwasi, nimeuoka mwenyewe.” Ilinibidi nimwambie ukweli, ingawa sikupenda kumvunja moyo. Mkate mweupe wa nyumbani unapandisha sukari kama mweupe wa dukani. Faida ya kuoka mwenyewe ni kwamba unajua kilichomo, na sukari, chumvi na aina ya unga viko mikononi mwako. Ukiacha unga uleule mweupe, hujabadilisha kitu.

“Inakula umeme”

Koili yake ni ndogo, wati 500 hadi 700 kwa mashine nyingi, na huwaka kwa muda mrefu wakati wa kuchoma tu, kama saa moja. Mkate mmoja hutumia nusu uniti hivi. Oveni kubwa ya umeme, ukihesabu na muda wa kuipasha kwanza, hupita uniti moja kwa urahisi.

Kinachotusumbua ni umeme kukatika. Mashine nyingine zinakumbuka zilipofikia kwa dakika kadhaa, nyingine zinasahau papo hapo, kwa hiyo uliza jambo hilo dukani kabla ya rangi na idadi ya programu. Lakini wengi hutupa donge bila sababu. Umeme ukikatika donge linaumuka, liache liumuke. Hamira haihitaji umeme. Kisha lihamishie kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama tunavyochoma mkate wa kumimina. Huo wa kumimina wenyewe, wa mchele na tui, usiutie kwenye mashine, ni wa kumiminwa na haukandwi.

“Kubwa ndiyo bora”

Mashine ya mkate wa kilo moja ukiitilia unga wa nusu mkate, kibawa hakiufikii vizuri na mkate unatoka umelala upande mmoja. Nyumba ya watu wawili watatu inatoshwa na ndogo. Muhimu zaidi ni kujua kama sufuria na kibawa vya akiba vinapatikana, kwa sababu ndivyo vinavyochakaa kwanza. Tazama pia volti. Ndugu aliye Maskati, Dubai au Uingereza akikuletea, itafanya kazi kwetu bila shida. Ya Marekani ni ya volti 120 na ya Japani 100; ukiichomeka ukutani bila transfoma, umeiunguza. Za mitumba nyingi zimefia hapo, na mnunuzi akadhani ameuziwa mbovu.

Na usiamini kwamba inaoka tu. Mimi naitumia zaidi kukanda. Programu ya donge inachukua saa moja na nusu hivi. Natia unga, tui zito, iliki, sukari na hamira, natoa donge la mahamri ambalo mama yangu, mwenye maumivu ya viganja, asingeweza tena kulikanda kwa mkono. Kwa ajili yake tu ningeinunua tena.

Mkate ukiiva utoe ndani ya dakika kumi, usiachwe ukatoa jasho kwenye sufuria. Kibawa kikibaki kimezama ndani ya mkate, kichomoe kwa kijiti cha mbao ukishapoa, kisu kitakwangua ule mpako usionata. Sufuria osha ndani, usiilowanishe upande wa chini wenye mhimili. Subiri saa moja kabla ya kukata. Usiuweke kwenye friji ukidhani unautunza, kwa sababu baridi ile inaukausha ukawa mgumu upesi kuliko mezani. Hauna dawa ya kuzuia ukungu kama wa dukani, kwa hiyo unaobaki baada ya siku mbili kata slesi uweke kwenye friza, utoe vipande vya asubuhi usiku uliotangulia.