Ukiulizwa Hali, Usijibu "Sijambo": Kuomba PIP kwa Maradhi ya Kupanda na Kushuka

Mtathmini wa malipo ya ulemavu Uingereza huanza kwa kukuuliza hali. Mgonjwa wa selimundu aliyekesha kwa maumivu ya mifupa anajibu kama alivyolelewa: "Nzuri tu, namshukuru Mungu." Kwetu hiyo ni adabu. Kwenye ripoti inaweza kusomeka kwamba mwombaji hana maumivu.

Personal Independence Payment, au PIP, haitolewi kwa jina la ugonjwa. Hupimwa shughuli 10 za maisha ya kila siku, kama kupika, kuoga na kuvaa, na 2 za kutembea na kusafiri. Kila kundi lina hesabu yake ya alama za kushindwa: 8 hukupa kiwango cha kawaida cha malipo, 12 kiwango cha juu. Mshahara wala akiba haviangaliwi, kwa hiyo hata mwenye kazi anaweza kuomba.

Kwa wenye selimundu, baridi yabisi au kifafa, yaani maradhi ambayo leo yanakulaza na kesho yanakuachia, kanuni kubwa ni ya nusu ya siku zote. Shida unayoieleza lazima iwe inakupata katika zaidi ya nusu ya siku zote za kipindi cha miezi 12: 3 iliyopita na 9 ijayo. Siku yenyewe huhesabiwa hata kama shida ilikuwepo kwa sehemu tu ya siku hiyo. Mwenye baridi yabisi ambaye vidole vimekakamaa hadi saa nne asubuhi, akashindwa kufunga vifungo vya shati, siku hiyo ni yake, hata kama mchana alichapa kwenye kompyuta.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu hulazwa kwa selimundu mara 5 kwa mwaka, siku 6 kila mara. Hizo ni siku 30, na nusu ya mwaka inaanzia siku ya 183. Akiona hesabu haifiki, anashawishika kuandika kwamba yuko hivyo kila siku. Huo ni uongo, na rekodi za hospitali zitamuumbua. Kinachosahaulika ni siku zisizo za hospitali: uchovu wa damu pungufu, wiki ya kujikongoja baada ya kutoka wodini, baridi ya Januari inayoamsha maumivu. Mara nyingi siku hizo ndizo zinazobeba dai, na ndizo tunazozinyamazia kwa kuwa "tumezoea".

Kuweza kufanya jambo kuna masharti manne: ulifanye kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila linapohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa juu ambao angeutumia asiye na ugonjwa huo. Likikosekana moja, umehesabiwa huwezi. Mlo unaopimwa ni wa mtu mmoja, wa viambato vibichi, jikoni au kwenye maikrowevu. Pilau ya shughuli haimo. Anayeweza kutembea mita 50 mara moja kisha akaketi saa nzima hajaweza mita 50.

Nunua daftari kabla hujapiga simu ya maombi. Usiandike "naumwa". Andika hivi: "Jumanne. Nimepika ugali na mboga, dakika 70, nimekaa mara tatu, mwenzangu kaninyanyulia sufuria. Jumatano sikuinuka hadi saa nane mchana." Kwenye fomu utakayotumiwa baada ya simu, neno "wakati mwingine" halihesabiki, "siku 4 kati ya 7" linahesabika. Siku nzuri nazo ziandike, kwa sababu daftari lisilo na siku nzuri halisadikiki.

Fomu hurudishwa ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya barua iliyokuja nayo. Ukichelewa kwa sababu ya kulazwa, piga simu uongezewe muda. Baki na nakala. Barua ya daktari inayotaja ugonjwa tu husaidia kidogo. Muuguzi wa kliniki anayejua kwamba huwezi kupanda ngazi ana la maana zaidi la kuandika. Omba mkalimani mapema, na usimtumie mtoto wako: kuna mambo ya chooni ambayo mzazi hatayasema mbele yake.

Kama ruhusa yako ya kukaa ina sharti la kutotumia fedha za umma, usiombe kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji, maana PIP imo kwenye fedha hizo. Wakazi wa Scotland huomba Adult Disability Payment.

Ukikataliwa, una mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha unaweza kwenda kwenye baraza la rufaa, ambalo halitozi ada. Ukikubaliwa, wiki moja nzuri haikulazimu kutoa taarifa ikiwa mwendo wa ugonjwa ni uleule ulioueleza. Dawa mpya ikipunguza siku mbaya kutoka 4 hadi 2 kwa wiki, piga simu. Ukinyamaza, utadaiwa kurudisha ulichozidishiwa.