Stima za Mto Kongo: yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi hudhani stima za kwanza za Mto Kongo ziliingia kutoka Bahari ya Atlantiki na kupanda moja kwa moja hadi Kisangani. Jambo hilo haliwezekani. Kati ya bandari ya Matadi na Kinshasa mto unashuka kwa maporomoko zaidi ya 30, mwendo wa kilomita zipatazo 350, na hakuna chombo kinachoyapanda. Kabla ya reli kukamilika mwaka 1898, kila stima iliyosafiri sehemu ya mto iliyo juu ya maporomoko hayo ilikuwa imevutwa au kubebwa nchi kavu na binadamu.

Hapa ndipo historia inapowasahau watu wake. Mpelelezi Henry Morton Stanley husifiwa kwa kuifikisha stima En Avant kwenye Ziwa Malebo, pale mto unapopanuka karibu na Kinshasa, mwaka 1881, lakini waliohangaika nayo milimani walikuwa vibarua, wakiwemo Wazanzibari aliowaajiri Unguja mwaka 1879. Stima ya wamisionari wa Kibaptisti, Peace, iliundwa Uingereza kwa namna ya kufunguliwa ikawa mizigo ipatayo 800, kila mmoja wa kutosha kichwa cha mpagazi. Mafundi waliotumwa kuja kuiunganisha walikufa kwa maradhi. Mwaka 1884 mmisionari George Grenfell aliiunganisha pamoja na wasaidizi wake Waafrika, na ikaingia majini.

Dhana nyingine ni kwamba stima hizo zilikwenda kwa makaa ya mawe, usiku na mchana. Zilikula kuni. Jioni chombo kilifungwa ukingoni, na mabaharia waliokuwa kazini kutwa nzima wakaingia msituni na mashoka kukata kuni za kesho. Gizani hakuna aliyethubutu kusafiri, kwa sababu mafungu ya mchanga huhama kila msimu, na hata mchana ilibidi mtu akae mbele na upondo akipima kina. Mwaka 1890 stima Roi des Belges, iliyombeba Joseph Conrad, baharia aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, ilichukua takriban wiki nne kutoka Kinshasa hadi Kisangani, kilomita kama 1,700. Na Conrad hakuwa nahodha wake wa kudumu, kama inavyosimuliwa mara nyingi. Alikwenda kujifunza mto, akashika usukani kwa muda tu nahodha alipougua.

Wako pia wanaoamini kwamba Waswahili waliijua Kongo kwa misafara ya miguu peke yake. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, kweli alifika huko kwanza kwa njia ya bara. Lakini mwaka 1887 aliondoka Zanzibar kwa meli, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akapita maporomoko kwa nchi kavu, kisha akapanda mto kwa stima hadi Stanley Falls (Kisangani ya leo), akawa gavana wa huko kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo.

Dhana ninayoiona nzito kuliko zote ni kwamba stima zilileta biashara ya heri. Zilishusha pembe za ndovu na mpira uliovunwa kwa shuruti, na ziliporudi juu zilipakia askari na risasi. Hata kuni zenyewe zikawa mzigo kwa wenyeji: vijiji vya ukingoni vililazimishwa kuzikata na kuzipanga vituoni, na pia kuwalisha waliokuwa wakipita.