Kuimarisha Kikosi cha Besiboli Baada ya Msimu: Maana Yake na Namna Inavyofanyika

Katika besiboli ya kulipwa ya Marekani, kuimarisha kikosi baada ya msimu ni kazi yote inayofanywa na uongozi wa timu tangu fainali zinapomalizika, mwishoni mwa Oktoba au siku za kwanza za Novemba, hadi mechi ya ufunguzi mwishoni mwa Machi. Ndani yake kuna kusaini wachezaji huru, kubadilishana wachezaji na timu nyingine, kuwaachia baadhi waondoke, kupandisha vijana kutoka ligi za chini, na kuwarekebisha waliopo. Ligi kuu, MLB, ina timu 30, na kila moja hucheza mechi 162 kwa msimu. Kwa wingi huo wa mechi bahati hupungua, na kasoro ya kikosi iliyoachwa Januari huonekana wazi kufikia Juni.

Aliyezoea usajili wa Simba na Yanga inabidi aweke pembeni jambo moja. Kwenye soka, klabu hulipa ada ya uhamisho ili kumng'oa mchezaji aliye na mkataba kwingine. Ndani ya MLB hakuna soko la namna hiyo. Mchezaji mwenye mkataba hupatikana kwa kutoa wachezaji wengine, na asiye na mkataba huchagua mwenyewe aende wapi. Kinachofanana na ada ya uhamisho ni utaratibu wa kuwachukua wachezaji wa Japani ambao bado wana mkataba na klabu zao: timu ya Marekani huilipa klabu asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza za mkataba mpya, asilimia 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na asilimia 15 ya kinachozidi hapo.

Hesabu inayoanza kabla ya jina lolote

Timu haifaidiki na ubora wote wa mchezaji mpya. Inafaidika na tofauti kati yake na yule anayemwondoa. Ukilielewa hilo, usajili mwingi wa besiboli utauelewa.

Kipimo kinachotumika sana kinaitwa WAR. Huhesabu ushindi anaouongeza mchezaji juu ya yule ambaye ungempata bila jasho kutoka ligi za chini kwa mshahara wa kima cha chini, ambao kwa mwaka 2026 ni dola 780,000. Kikosi kizima cha watu wa kiwango hicho kingeshinda takriban mechi 48 kati ya 162. Kuingia hatua ya mtoano kwa kawaida huhitaji ushindi kati ya 85 na 90. Pengo hilo la ushindi 40 hivi ndilo linalojazwa, nafasi baada ya nafasi.

Tuseme kwenye nafasi ya ulinzi ya besi ya tatu una mchezaji wa WAR 3, na ile ya besi ya pili una mchezaji wa WAR 0. Sokoni kuna mchezaji nyota wa besi ya tatu mwenye WAR 5 kwa dola milioni 30 kwa mwaka, na mchezaji wa kawaida wa besi ya pili mwenye WAR 2.5 kwa milioni 12. Ukimchukua nyota, umeongeza ushindi 2. Ukimchukua yule wa kawaida, umeongeza ushindi 2 na nusu kwa chini ya nusu ya fedha. Nyota atajaza kurasa za magazeti, lakini shimo lako la besi ya pili litabaki palepale.

Kansas City, kutoka 56 hadi 86

Mfano ulio wazi kuliko yote ya miaka ya karibuni ni Kansas City Royals. Mwaka 2023 walishinda mechi 56 na kupoteza 106. Mwaka 2024 walishinda 86, wakaingia mtoano, wakaitoa Baltimore kwa mechi mbili bila, kisha wakatolewa na New York Yankees.

Tatizo lao kubwa lilikuwa kwa warushaji wanaoanza mechi (mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji wa timu pinzani mpira). Mechi ya besiboli ina zamu 9, zinazoitwa iningi, na msimu mzima ni karibu iningi 1,458 ambazo lazima mtu azirushe. Hizo hazikwepeki: ukikosa mrushaji mzuri, mbaya atazirusha. Mwaka 2023, takriban iningi 177 za Royals zilikwenda kwa Jordan Lyles, ambaye wastani wake wa kufungisha ulikuwa mikimbio 6.28 kwa kila iningi 9. (Mkimbio ni pointi: mchezaji amezunguka besi zote na kurudi nyumbani.)

Desemba 2023 wakamsaini Seth Lugo kwa miaka mitatu na dola milioni 45. Miaka mingi akiwa New York Mets alikuwa mrushaji wa kuingia katikati ya mechi, na alikuwa ameurudia uanzishaji kwa msimu mmoja tu, huko San Diego. Wakamwongeza Michael Wacha kwa miaka miwili na dola milioni 32. Hakuna kati yao aliyekuwa jina la kwanza sokoni. Mwaka 2024 Lugo alirusha iningi zaidi ya 206 kwa wastani wa 3.00, na Wacha zaidi ya 166 kwa wastani wa 3.35.

Chukua karatasi uhesabu. Iningi 177 kwa wastani wa 6.28 ni mikimbio 124 hivi. Iningi hizohizo kwa wastani wa 3.00 ni 59. Tofauti ni 65. Kanuni ya wachambuzi ni kwamba kila mikimbio 10 inayookolewa au kuongezwa ni ushindi mmoja. Kwa hiyo kubadilisha mtu mmoja katika kazi ileile kulileta thamani ya ushindi sita na nusu, na hapo bado hujamhesabu Wacha wala Bobby Witt Jr., ambaye mwaka huo aliongoza ligi kuu nzima kwa wastani wa kupiga, .332, yaani alifaulu karibu mara moja katika kila tatu. Timu iliyokuwa na warushaji wa wastani isingeweza kuvuna kiasi hicho kwa kumsaini Lugo yuleyule.

Njia za kumpata mtu

Mchezaji huwa huru akishatimiza miaka sita ya utumishi kwenye ligi kuu na mkataba wake ukamalizika. Mwaka wa utumishi ni siku 172 kwenye kikosi. Baada ya fainali, timu aliyokuwa nayo ina siku tano ambazo ni yake pekee kumsaini. Zikipita, yeyote anaweza. Kuna mtego hapa ambao mashabiki huusahau. Timu yake ya zamani yaweza kumpa ofa ya mwaka mmoja kwa kiasi kilichopangwa na ligi, wastani wa mishahara 125 ya juu kabisa: mwishoni mwa 2025 ilikuwa dola milioni 22.025. Akiikataa na kusaini kwingine, timu inayomchukua hupoteza nafasi katika uteuzi wa vijana wa mwaka unaofuata, ambapo timu huchagua vijana wapya kwa zamu. Bei ya mchezaji huyo, basi, si mshahara tu.

Kwenye kubadilishana wachezaji, kinachouzwa hasa ni miaka ya udhibiti, yaani ile ambayo timu inammiliki mchezaji kabla hajawa huru. Katika miaka mitatu ya mwanzo mchezaji hulipwa karibu na kima cha chini. Mitatu inayofuata mshahara wake hupanda kwa makubaliano, au huamuliwa na jopo la wasuluhishi. Ndiyo maana kijana wa miaka 24 mwenye WAR 2 ana thamani kubwa kuliko mkongwe wa WAR 3 aliyebakiza mwaka mmoja. Februari 2024 Baltimore walimchukua mrushaji Corbin Burnes kutoka Milwaukee akiwa amebakiza msimu mmoja, wakatoa vijana wawili, Joey Ortiz na DL Hall, pamoja na nafasi ya 34 ya uteuzi. Burnes aliwatumikia vizuri mwaka huo mmoja, kisha akaenda Arizona kwa miaka sita na dola milioni 210. Ortiz alibaki Milwaukee akiwa na miaka mingi ya udhibiti mbele yake.

Njia ya tatu ni ya wenye subira. Kila Desemba hufanyika uteuzi uitwao Rule 5, unaozihusu ligi za chini. Kijana aliyesainiwa akiwa na miaka 18 au chini, na akapita misimu mitano bila kuwekwa kwenye orodha kuu ya timu ya watu 40, anaweza kuchukuliwa na timu nyingine kwa dola 100,000; aliyesainiwa akiwa na miaka 19 au zaidi, misimu minne. Sharti lake ni gumu: lazima akae kwenye kikosi cha ligi kuu msimu mzima, la sivyo timu nyingine hupewa kwanza nafasi ya kumchukua, na zisipomtaka hurudishwa alikotoka kwa dola 50,000. Timu inayowania ubingwa mara nyingi haiwezi kumbeba mtu asiyekomaa, ila timu dhaifu inaweza. Chicago White Sox, baada ya kupoteza mechi 121 mwaka 2024, walimteua mrushaji Shane Smith kutoka Milwaukee, na msimu uliofuata akachaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi.

Januari 15 hufunguliwa pia dirisha la vijana wa kimataifa, kuanzia umri wa miaka 16, wengi wao kutoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Uganda nayo imeshaingia humo: Ben Serunkuma na Umar Male walisainiwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Hiyo ni mbegu ya miaka mitano ijayo, haijazi pengo la msimu huu.

Njia ambayo mashabiki huipuuza ni ya kumbadilisha aliyepo. Oakland, baada ya kumpoteza Jason Giambi mwaka 2001, walimchukua mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji) Scott Hatteberg, ambaye kiwiko chake kilikuwa hakimruhusu tena kutupa mpira kama mdakaji anavyopaswa, wakamfundisha besi ya kwanza. Walichokuwa wakikitaka ni jicho lake la kuchagua mipira ya kupiga. Timu hiyo ilishinda mechi 103 mwaka 2002, zikiwemo 20 mfululizo. Siku hizi kazi kama hiyo hufanyika zaidi kwa warushaji: kamera za kasi hupima mzunguko wa mpira, kocha hubadilisha mshiko wa vidole, na mrushaji hurudi Februari akiwa na aina mpya ya mrusho.

Vizuizi vya orodha na kodi

Kila timu ina orodha ya watu 40, na kati yao 26 ndio wanaocheza. Siku tano baada ya fainali, majeruhi wote wa muda mrefu, ambao msimu ukiendelea hawahesabiwi, hurudishwa kwenye ile 40. Timu iliyodhani ina nafasi nne hujikuta haina hata moja, na Novemba hiyohiyo inapaswa kuwalinda vijana wake dhidi ya Rule 5. Kila usajili, basi, una mtu wa kumwondoa. Akiondolewa, timu ina siku saba za kumbadilisha na mwingine, kumpitisha kwa timu nyingine zimchukue zikitaka, au kumwachia.

Juu ya hapo kuna kodi ya matumizi. Kwa mwaka 2026 mpaka wa jumla ya mishahara ya timu ni dola milioni 244. Atakayeuvuka kwa mara ya kwanza hulipa asilimia 20 ya kiasi kilichozidi. Mwaka wa pili mfululizo 30. Wa tatu 50, na nyongeza nyingine kadiri anavyozidi kupanda. Kinachohesabiwa ni wastani wa mkataba kwa mwaka, si fedha inayotoka mwaka huo. Ndiyo maana Shohei Ohtani wa Dodgers, mwenye mkataba wa miaka 10 na dola milioni 700, huhesabiwa kwa takriban milioni 46 kwa mwaka badala ya 70: milioni 680 zitalipwa baada ya mkataba kwisha, na fedha ya mbali hupunguzwa thamani.

Mahali mipango inapoharibika

Kosa linalorudiwa zaidi ni kununua msimu uliopita. Mpigaji ambaye mipira yake mingi ilianguka pasipo na mtu huonekana bora kuliko alivyo. Mwaka unaofuata mipira ileile hudakwa. Aliyezoea kupigia Denver, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali, takwimu zake lazima zipunguzwe kabla ya kumwekea bei. Umri nao haubembelezwi: wengi hufikia kilele kati ya miaka 26 na 29, ilhali uhuru wa mkataba huja wakiwa na 29 au 30. Unalipia miaka ya kushuka.

Kwa warushaji hatari kubwa ni mkono. Burnes alifanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko Juni 2025, mwaka wa kwanza wa ule mkataba wa milioni 210, na upasuaji huo kwa kawaida humweka mtu nje miezi 12 hadi 18. Hivyo kupanga waanzishaji watano hakutoshi. Unahitaji wa sita, wa saba na wa nane, na wawe na ruhusa ya kupelekwa ligi za chini na kurudishwa bila kupotezwa. Ruhusa hiyo ni ya misimu mitatu kwa mchezaji. Ikiisha, huwezi kumshusha bila timu nyingine kupewa nafasi ya kumchukua.

Hata Royals walionja. Novemba 2024, wakijiona wana warushaji wa kutosha, walimtoa Brady Singer kwenda Cincinnati wakampata Jonathan India, ili awe mpigaji wa kwanza kwenye mpangilio, nafasi iliyokuwa imewatesa. Mantiki ilikuwa sahihi kabisa: toa ulipo na ziada, jaza palipo na shimo. Lakini India hakupiga kama alivyokuwa akipiga Cincinnati, na mwaka 2025 timu ilimaliza na ushindi 82.

Kambi za Arizona na Florida hufunguliwa katikati ya Februari, na bado kuna usajili wa kufanya. Wakongwe ambao hawajapata timu hukubali mkataba wa ligi ya chini wenye mwaliko wa kambini, ambao hauchukui nafasi kwenye orodha ya 40. Na kambi zikifunguliwa, majeruhi wa muda mrefu huruhusiwa tena kutolewa kwenye hesabu, hivyo nafasi mbili tatu huachia. Meneja makini huwa ameshaandika majina ya kuzijaza tangu Desemba.