Kori 16 na seva bado inajikokota: mambo tunayoyaamini bure kuhusu Linux

Mafundi tukikaa stori ni ile ile, seva imekuwa nzito, bosi kakubali kununua mashine kubwa zaidi, imekuja, imefungwa, na bado nzito. Ngoja niziseme hizi dhana maana zingine hata mimi nilizishika miaka.

"Ongeza kori, kasi itapanda." Hii ndo mama yao. Kori, yaani vichwa vya kazi ndani ya prosesa, zinasaidia pale tu kazi inapogawanyika. Chukulia shughuli ya harusi, wapishi 16 wanamenya vitunguu na kuchambua mchele, hapo mnaenda chap chap, lakini sufuria la pilau likishabandikwa hata ulete wapishi mia, wali una muda wake. Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta, alishaliweka hili kwenye hoja mwaka 1967. Ukipiga hesabu yake, kama asilimia 10 tu ya kazi lazima ipite kwenye kori moja, basi kori 16 zinakupa kasi mara 6.4, sio 16, na hata ukinunua kori elfu hufiki mara 10.

Halafu kuna makufuli. Thredi, yaani nyuzi za kazi za programu moja zinazokwenda sambamba, zote zinataka kuandika sehemu moja, moja imeshika kufuli zingine zimesimama zinaangalia, we unaona mambo yanaenda taratibu unaongeza thredi, ndo unazidi kuharibu, manahodha wengi chombo huenda mrama. Na usidhani ni programu za mtaani tu. Keneli yenyewe ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilipoanza kutumia prosesa zaidi ya moja, toleo 2.0 mwaka 1996, ilikuwa na kufuli moja kubwa la keneli nzima, na kulitoa kabisa kulifika mpaka 2011 kwenye toleo 2.6.39. Miaka 15 hio! FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, nao walikuwa na lao, jina lake Giant, wakawa wanalimega kidogo kidogo.

"CPU iko asilimia 6 tu, kwa hiyo tatizo sio CPU." Piga hesabu kwanza, 100 gawanya kwa 16 unapata 6.25. Maana yake inawezekana kabisa kori moja inawaka moto na zingine 15 zimelala, na ukiangalia wastani unaona kumetulia. Ukiwa ndani ya top, amri inayoonyesha programu zinazokimbia, bonyeza namba 1 uione kila kori peke yake, au piga mpstat -P ALL 1. Mara nyingi utakuta programu ni ya thredi moja, au kadi ya mtandao inapeleka kelele zake zote (interrupts, ishara za kuiita prosesa) kwa kori moja, hilo linaonekana kwenye /proc/interrupts.

"Lodi iko 30, prosesa imezidiwa." Hapa watu wametupa hela kweli kweli. Kwanza lodi, yaani wastani wa kazi zinazokimbia na zinazongoja, bila idadi ya kori haina maana, lodi 8 kwa mashine ya kori 8 inaweza kuwa sawa tu na kwa ya kori 2 ni foleni ndefu. Pili, na hili ndo wengi hawalijui, Linux tangu 1993 haihesabu zinazongoja prosesa tu, inahesabu na zile zilizokwama zinangoja diski, zenye herufi D ukiangalia kwenye ps au top. Kuna kampuni nilienda kuwasaidia walikuwa na lodi ya 30 na kitu, wameshaagiza prosesa mpya, napiga vmstat 1 naona prosesa zimepumzika ila safu ya b, ya kazi zilizokwama zikingoja diski, imejaa. Diski ya kuzunguka, ya zamani, ndo databesi nzima imekaa juu yake. Prosesa mpya zingekuja kungoja diski ile ile kwa kasi zaidi.

"RAM imejaa, isafishe." Hapana. Linux inatumia RAM iliyolala kutunza mafaili yaliyosomwa karibuni, programu ikihitaji inaachiwa. Piga amri ya free, angalia safu ya available, sio safu ya free. Na kama umeweka drop_caches, ya kufuta akiba hiyo, kwenye cron, kipangaji cha kazi za kujirudia, kila saa, itoe leo leo, unailazimisha mashine kusoma upya diski kitu ilichokuwa nacho mkononi.

"lscpu imesema 16, nina kori 16." Hiyo ni amri ya kuonyesha prosesa, soma mpaka mstari wa thredi kwa kila kori. Ukikuta 2, kori halisi ni 8, zile pacha zinagawana jiko moja, zinasaidia lakini sio mara mbili. Na kama mashine ina soketi mbili, yaani sehemu mbili za kuchomeka prosesa, ujue kila soketi ina RAM yake ya karibu, kwenda kuchota ya jirani ni safari ndefu zaidi, numactl --hardware itakuonyesha umbali.

"Kuna mistari ya sysctl mtandaoni, bandika tu inaongeza spidi." Sysctl ni mipangilio ya keneli, na hii naisema kwa aibu. Enzi hizo kila orodha ya namna hii ilikuwa na tcp_tw_recycle, eti inaachia koneksheni haraka. Nikabandika. Ukweli wake ni kwamba ilikuwa inamtambua mteja kwa anwani ya IP na saa ya paketi zake, sasa mitandao ya simu inaweka simu kibao nyuma ya IP moja na kila simu ina saa yake, seva ikiona saa imerudi nyuma inatupa ombi kimya kimya, hakuna hata kosa linaloandikwa. Wakaja kuing'oa kabisa kwenye keneli 4.12, mwaka 2017. Kwetu wateja wa simu wakawa wanalalamika mara inafunguka mara inagoma, sisi ofisini tuko mtandao mmoja na seva tunaiona safi, siku mbili nzima tunaulaumu mtandao wa simu, na mstari wenyewe nimeuweka mimi kwa mkono wangu.